EBRAHIM HUSSEIN NA DENI LETU SISI WA UPARE

(Hotuba iliyotolewa shuleni kwetu siku ya mkutano wa waliosoma hapa)



Nimetakiwa nizungumze juu ya mtu ambaye maisha yake yanaweza kuwafaa vijana. Nimemchagua mwandishi wa tamthilia, Ebrahim Hussein.

Alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini. Alisoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969, akiwa bado kijana, akatoa Kinjeketile. Baadaye alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, akarudi kufundisha Dar es Salaam. Aliandika pia Mashetani (1971), Arusi (1980) na Kwenye Ukingo wa Thim (1988). Mwaka 1986 aliacha kazi ya chuo, akaishi kimya, mbali na majukwaa.

Kinjeketile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ili risasi za Wajerumani zisiwadhuru. Alinyongwa Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hussein angeweza kumchora shujaa asiye na doa. Lakini Kinjeketile wake ana shaka na maji yake mwenyewe. Neno limekwisha mtoka, na limekuwa kubwa kuliko yeye. Mwishoni, akiwa kifungoni, anaombwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana anajua watoto wataambiwa nini kesho: kwamba wazee wao walikosea kupigana.

Vijana, mnaposoma kitabu hiki kwa ajili ya mtihani, msikiache hapo.

Mwaka ule ule wa 1969 marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, alitoa kitabu cha historia ya Wapare. Mwaka 1971 akatoa kingine juu ya Mbiru. Mnaijua Mbiru? Ni kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu waliteremka kutoka milimani, wakapiga kambi hapa Same mbele ya ofisi za serikali, wakikataa kukadiriwa. Wanawake nao wakaingia katika mapambano. Hatimaye kodi ile ikafutwa.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili. Faili litakwambia kodi ilikuwa kiasi gani na nani alitia sahihi. Halitakwambia mzee alimwaga vipi mkewe alfajiri ile, wala aliyeogopa akarudi njiani alijieleza vipi nyumbani. Kimambo ametupa historia iliyochunguzwa. Kuwapa watu wale sauti ni kazi ya mwandishi wa tamthilia, na mimi sijapata kuiona tamthilia ya Mbiru ikichezwa katika shule yoyote ya wilaya hii.

Waliokaa Same mwaka 1945 karibu wote wametutoka. Waliosimuliwa nao ni wazee sasa. Likizo hii, mkirudi Usangi, Mbaga, Mamba au Gonja, kaeni na bibi na babu, mwulize, mwandike. Waandikeni na woga wao na mabishano yao, kama Hussein alivyofanya. Sisi tuliotangulia tutawanunulia madaftari, na siku mtakapoicheza tutakuja kuketi mbele.