MAWE MANNE YA REDIO

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka



Kamati iliponiandikia ilinitaka niseme juu ya maburudisho ya utotoni na mafunzo niliyoyapata humo. Nilicheka kidogo, maana sisi tulikuwa tunacheza tu, hakuna aliyetuambia kwamba tunajifunza. Tulikuwa na chandimu, mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba. Tulikuwa na gololi, kombolela, na magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili kuukuu. Hayo yote ningeweza kuyaeleza mpaka jua lituchwee hapa, lakini wazee walioketi safu ya mbele wanayajua kuliko mimi, na baadhi yao bado wana makovu ya magotini kuwa ushahidi. Kwa hiyo nitasema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni redio.

Vijana, niwaeleze kwanza hali ilivyokuwa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zanzibar walitutangulia kwa miaka kama ishirini, nasi tulisikia tu kwamba ng'ambo ya maji kuna sanduku lenye picha za rangi. Ukiwaondoa wale waliohangaika usiku kuitafuta London katika masafa mafupi, redio yetu ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam basi. Na katika mtaa wetu pale Morogoro, nyumba zenye redio ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Redio ya baba ilikuwa National, imevikwa mfuko wa ngozi wenye matundu mbele. Ilikula betri nne kubwa, nasi betri tuliziita mawe. Mawe hayakuwa rahisi kupatikana, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa adimu kama sukari na sabuni. Yakichoka tuliyaanika juani juu ya bati, yakapata nguvu ya kipindi kimoja au kimoja na nusu. Halafu sauti ya mtangazaji ikaanza kudidimia, kama mtu anayeteremka kisimani huku bado anazungumza nawe.

Basi, kwa sababu ya mawe hayo manne, nyumba yetu ilikuwa na sheria. Taarifa ya habari kwanza. Baada ya hapo, kipindi kimoja kwa siku, nasi watoto tukubaliane wenyewe ni kipi. Tulikuwa sita. Wadogo walitaka Mama na Mwana, wakubwa tulitaka Pwagu na Pwaguzi, dada yangu alitaka muziki, na Jumamosi yenye mpira ugomvi ulianza tangu alfajiri. Baba hakuingilia. Alisema tu kwamba tusipokubaliana redio inazimwa, na mara mbili tatu aliizima kweli. Baada ya hapo tulianza kupangiana zamu, kukopeshana vipindi, na kudaiana. Dada alikuwa na kumbukumbu ya madeni hayo kuliko karani wa benki.

Jambo jingine la sheria ile ni mlango. Mwenye redio hakuwa na haki ya kufunga mlango. Ikifika saa ya habari majirani waliingia bila kubisha, wakakaa chini, na mama akasogeza mkeka. Habari zilitanguliwa na mlio wa ngoma, nazo alizipiga Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyekuwa akipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja peke yake. Utotoni sikujua kwamba mpigaji ni kipofu. Nilipojua ukubwani nilikaa kimya kwa muda. Nchi nzima iliitwa kusikiliza na mtu ambaye masikio ndiyo yaliyokuwa macho yake. Na pale pale mkekani, Januari 1979, ndipo watu wa Morogoro wa mtaa wetu walipopata habari kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Nakumbuka wanaume wazima wakiinamisha vichwa, na hakuna aliyetoka mpaka taarifa ilipokwisha.

Februari 1974 nilikuwa darasa la pili. Habari ilitufikia kwamba Filbert Bayi, kijana wetu, ameshinda mbio za mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, na kuweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Alikuwa ameongoza tangu mwanzo, na John Walker wa New Zealand aliyemfukuza mpaka utepeni naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani. Hatukuona hata picha moja. Lakini kwa mwezi mzima hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyetumwa dukani akatembea. Kila mmoja alitoka mbio tangu mlangoni, maana Bayi hakungojea wenzake. Wengi wetu tuliishia kukaa chini nusu ya njia tukihema, chupa ya mafuta ya taa mkononi. Kuongoza tangu mwanzo, tuligundua, kunataka pumzi ya mwisho wa safari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera na Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba, kaka yangu mkubwa alikuwa mgambo. Akachukuliwa. Tangu siku hiyo mama alibadilisha sheria ya redio bila kumwuliza mtu. Mawe yakawa ya habari peke yake. Mama hakujua kusoma, gazeti halikumfaa kitu, na barua za kaka zilikuwa mbili tu kwa miezi yote ile. Alikuwa akikaa karibu na redio, mkono juu ya mfuko wa ngozi kama anayepima homa ya mtoto. Habari ikiisha aliizima mwenyewe, mara moja, hata kama Pwagu ndiyo kwanza anaingia.

Sisi hatukulalamika mbele yake. Tulichofanya ni kwenda kusikiliza vipindi nyumba ya jirani, tukisimama dirishani. Kisha mdogo wangu, aliyekuwa na miaka tisa, akasema maneno ambayo sijayasahau. Alisema kaka akirudi atakuwa amekosa yote. Kwa hiyo tukagawana. Mmoja ashike sauti ya Pwagu, mwingine Pwaguzi, mwingine wale wanaotapeliwa, na dada ashike mpangilio wa visa, kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Tukirudi nyumbani tulijaribu palepale, gizani, kabla hayajapoa. Hakukuwa na kinasa sauti. Kisa kilisikika mara moja, na usipokikamata kilikwenda zake.

Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini kaka hakurudi upesi. Hata mechi ya Ndola ilimkuta bado hajarudi, ile ya mwaka huohuo ambapo goli la Peter Tino la kusawazisha dhidi ya Zambia lilitupeleka fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 kule Lagos. Tukaiweka na hiyo akiba. Mwisho wa mwaka akaja, amekonda, goti moja halikunji, na mtu wa maneno machache kuliko tuliyemfahamu. Alikuwa akikaa ukumbini akitazama ukuta. Baba alisema tumwache.

Tulimwacha siku nne. Siku ya tano mdogo wetu akasimama katikati ya ukumbi akaanza sauti ya Pwagu. Tukaingia mmoja mmoja. Kisa cha kwanza kaka hakucheka. Cha pili alimsahihisha mtu, akisema Pwaguzi hawezi kusema vile, Pwaguzi ni mjanja zaidi. Cha tatu alicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kuna nini. Kazi ile ilituchukua jioni nyingi, na mechi ya Ndola tuliirudia mara tatu kwa amri yake, mimi nikiwa mtangazaji na chungu kikiwa kipaza sauti. Mwezi uliofuata nilikuja hapa shuleni kuanza kidato cha kwanza.

Sisemi kwamba vichekesho vya redio vilimponya. Goti halikukunjika mpaka leo, na yapo mambo ya vita ambayo hajapata kumwambia mtu. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na kitu cha kumpa, na kitu hicho hakikununuliwa dukani. Kilipatikana kwa sababu watoto walisikiliza kwa niaba ya mtu asiyekuwapo.

Baadaye nilifanya kazi ya uhakimu wa Mahakama ya Mwanzo miaka mingi. Katika mahakama ile, enzi hizo, hakukuwa na mawakili. Watu walisema wenyewe, nawe uliketi na wazee wa baraza wawili kusikiliza. Siku moja katika shauri la mpaka wa shamba alisimama bibi mmoja, akaanza na mahari yake, akaenda kwenye njaa ya zamani, akaja kwenye ndama aliyepotea. Mdaiwa alikuwa akiguna, na karani ananitazama. Lakini mimi nilizoea tangu utotoni kwamba sauti huiambii ifanye haraka. Ukisogeza kisahani cha redio umepoteza kisa. Baada ya kama nusu saa alifika kwenye mwembe uliopandwa mwaka aliomzika mumewe, na huo mwembe ndio uliokuwa mpaka. Mzee wa baraza aliyekuwa kulia kwangu alikuwapo siku ya mazishi yale, na alikuwa ameusahau mwembe mpaka alipotajiwa ndama.

Sipendi mwondoke mkidhani ninasifu zamani yote. Redio ilikuwa moja na sauti ilikuwa moja. Isichosema hatukukijua, na mama alijifunza kusikiliza hata vituo vya mtangazaji ili akisie kilichoachwa. Ninyi mna sauti elfu mkononi, na mnaweza kuzilinganisha. Hiyo ni neema ambayo baba yangu angeilipia ng'ombe. Hata wakati ule, redio ilifanya kazi bora pale watu walipoijibu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakabishana juu yake, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Choo cha baba kilitokana na ubishi wa namna hiyo. Alikuwa amekataa kata kata, na kikundi chake hakikumwachia mpaka akashika jembe.

Mkuu wa Shule amenionyesha saa. Ninamaliza na tangazo. Mwenzangu wa bweni, ambaye kwa heshima ya umri wake sitamtaja, alikuwa Pwaguzi wetu hapa shuleni tangu kidato cha pili, nami Pwagu. Baada ya chakula cha mchana tutakuwa chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko, kama utakuwa bado upo. Tuna visa viwili tunavyovikumbuka vizuri na kimoja tunachogombania mwisho wake. Vijana watakaokuja wanakaribishwa, simu zizimwe. Tutasema mara moja tu.