Kichupa cha Pua Hakinunuliwi kwa Umbo Lake



Leo tunazungumza nanyi juu ya dawa za kupulizia puani kwa ajili ya mzio, hasa zile zenye antihistamini. Wengi wenu mnaifahamu jamii hii ya dawa kwa vidonge vyake: setirizini, loratadini, na klorofeniramini ambayo mitaani huitwa piritoni. Vumbi au manyoya ya paka yanapomfikia mwenye mzio, mwili wake hutoa kemikali iitwayo histamini. Ndipo chafya hufuatana, pua huwasha na kamasi jepesi huchuruzika. Antihistamini huizuia kemikali hiyo. Ikipulizwa puani hufika pale pale penye shida, na azelastini, kwa mfano, huweza kuanza kuleta nafuu ndani ya nusu saa.

Tatizo huanzia dukani. Mnunuzi huomba "ile ya kupuliza puani", naye hupewa kichupa chenye ncha ndefu. Lakini vichupa vya umbo hilo huweza kuwa na dawa zisizofanana kabisa. Ipo antihistamini tuliyoitaja. Ipo ya steroidi, kama flutikasoni, ambayo hutumiwa kila siku na huchukua siku kadhaa, pengine wiki, kabla ya kuonyesha nguvu yake yote. Ipo pia ya kuzibua pua, kama oksimetazolini na zailometazolini, na hii ndiyo hututia wasiwasi. Huzibua pua kwa dakika chache, kwa hiyo hupendwa. Ila ikitumiwa kupita siku chache, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Mgonjwa huongeza dozi, pua huzidi kuziba, naye huamini kwamba mzio wake umekuwa sugu. Mtoto mdogo akiimeza kwa bahati mbaya huweza kusinzia kupita kiasi, hata kupata shida ya kupumua.

Basi, someni jina la dawa iliyomo, si jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Maandishi yakiwa madogo, mwombeni mfamasia awasomee. Kwa maoni yetu hiyo ni haki ya mnunuzi, wala si usumbufu.

Kuhusu watoto, umri ndio kipimo cha kwanza. Marekani iliporuhusu azelastini ya asilimia 0.15 iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2021, ruhusa hiyo iliwahusu watu wazima na watoto kuanzia miaka 6, tena dozi ya mtoto ikiwa ndogo kuliko ya mtu mzima. Zipo dawa za nguvu nyingine na zenye mipaka mingine ya umri. Kwa hiyo kichupa cha baba hakigeuki kuwa cha mtoto kwa kupunguza tu idadi ya kubonyeza.

Namna ya kupuliza nayo ina uzito wake. Penga kamasi kwanza. Kichupa kipya kibonyezwe hewani mpaka ukungu mwembamba utoke. Inamisha kichwa mbele kidogo, elekeza ncha upande wa nje, mbali na ukuta wa katikati ya pua, kisha bonyeza huku ukivuta pumzi taratibu. Wengi hutazama juu; dawa huteremka kooni, na azelastini ni chungu kwelikweli. Mtoto akiionja hivyo mara moja, kesho yake atajificha. Mzazi ambonyezee mwenyewe.

Ijapokuwa hupulizwa puani, dawa hii huweza kuleta usingizi. Dereva wa bodaboda asiijaribu kwa mara ya kwanza akiwa kazini, wala isichanganywe na pombe.

Tena, si kila kamasi ni mzio. Mtoto anayetoka kamasi lenye harufu mbaya kwenye tundu moja tu la pua huenda ameingiza ushanga au punje ya harage: apelekwe kituo cha afya. Vivyo hivyo anayekohoa usiku huku kifua kikimbana, kwani mzio wa pua na pumu mara nyingi huandamana.

Dawa ikikudhuru, toa taarifa kwetu au katika kituo cha afya kilicho karibu. Njoo na kichupa chenyewe, hata kama kimekwisha. Namba ya toleo iliyo ubavuni mwake ndiyo hutuwezesha kuifuatilia dawa hiyo.