MAJI YETU NI AMANA YETU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Kwa muda wa miaka 10 tumekutana kuzungumza habari za korosho: bei, magunia, maghala na malipo. Leo sisi wa Halmashauri twaomba ruhusa ya kusema habari za maji, maana mama aliyeshinda njiani na ndoo hana nguvu tena ya kuokota korosho.

Mgeni afikaye juu ya Uwanda wa Makonde hustaajabu kuona nchi yenye miti mingi namna hii, isiyo na mto wala ziwa. Sababu yake ni udongo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Zikinyesha juu ya mchanga huzama upesi, zikaenda chini hata zikutane na tabaka gumu, kisha hutokea mabondeni kwa chemchemi. Kwa hiyo ziwa tunalo, ila limo chini ya ardhi tunayoilima. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi maji yalivyotekwa bondeni na kupandishwa juu kwa taabu kubwa.

Katika miaka ya 1950 likaanzishwa Shirika la Maji la Makonde, maji yakasukumwa kwa mitambo toka mabondeni, na watu wakayanunua kwa debe. Tangu miaka ya 1970 nchi ya Ufini ilisaidia kuipanua kazi hiyo. Hata leo maji ya Mitema hupandishwa kwa pampu, na wenzetu wa Masasi hutumia maji ya Mbwinji. Lakini pampu haiumbi maji. Huvuta yale tu ambayo mvua imeyaweka akiba. Mteremko ukifyekwa na kuchomwa moto, mvua haizami tena, bali hutelemka na udongo, ikaziba chemchemi.

Wala asidhani mtu kwamba maji mengi hayaharibiki. Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Mwaka 1954 lilifunguliwa bwawa la Owen Falls huko Jinja, na yakawapo mapatano juu ya kiasi cha maji ya kuachiliwa. Miaka ya 2005 na 2006 ukame uliungana na maji kuachiliwa kupita kiasi cha mapatano, ziwa likashuka sana. Kadhalika mbolea, matope na taka za mashamba na miji zililisha magugu maji, yaliyoenea ziwani katika miaka ya 1990. Ikiwa ziwa kama lile limedhurika, chemchemi zetu je?

Basi twawaomba wanachama wakubali mambo matatu.

La kwanza, tuheshimu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mito na maziwa, na chemchemi zetu zastahili heshima hiyo hiyo. Twajua wapo miongoni mwetu wenye bustani mabondeni, na neno hili ni zito kwao. Lakini mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tunashauri Chama kitenge sehemu ya ushuru wake, wenzetu hao wapewe miche na msaada wa kufungua mashamba mahali pengine. Si haki faida iwe ya wote na hasara iwe ya wachache.

La pili, unga wa salfa na dawa za mikorosho. Mtu asioshe bomba la kupulizia kisimani wala kijitoni, wala asitekee maji mfuko uliokuwa na dawa.

La tatu, tukinge maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita za mraba 50, likipata milimita 800 kwa msimu, hupokea lita 40,000. Hata ikipotea robo, hubaki madebe 1,500 ya lita 20. Maghala ya vyama vya msingi yana mapaa makubwa kuliko hayo, tuanze nayo.

Ndugu wanachama, mkulima mmoja hakuweza kuilinda bei ya korosho peke yake. Ndiyo maana tuliungana. Maji nayo hayawezi kulindwa na mtu mmoja, kwa kuwa anayelima juu na anayeteka chini wanatumia maji yale yale. Twawaomba mkapige kura juu ya mambo haya katika vyama vyenu kabla ya mvua zijazo.