Furaha Isiyongoja: Siti binti Saad na Faraja Iliyomo Ndani ya Dhiki



Sote tumeambiwa: baada ya dhiki, faraja. Nami nimewaambia wengine maneno hayo, matangani na kando ya vitanda vya wagonjwa. Lakini kadiri umri unavyosogea, neno “baada” linanikwaza. Wapo watu ambao dhiki yao haina baada. Mama aliyezika mwanawe ataishi na kaburi hilo mpaka aingie lake. Tukimwambia angoje, ni sawa na kumwambia asifurahi tena. Sura ya 94 ya Kurani huunganisha dhiki na wepesi kwa neno la Kiarabu lenye maana ya “pamoja na”. Jioni ya leo nataka tuizungumze hiyo “pamoja”, na shahidi wangu ni mwanamke wa Fumba, Siti binti Saad.

Alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watumwa, na jina alilopewa ni hilohilo: Mtumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Zanzibar, mwaka 1897, alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti naye alivichukua vyungu kichwani hadi mjini, akivinadi kwa sauti ambayo wateja waliisikia kabla hawajamwona. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Huko pia ndiko walikotokea waliomcheka kwa ukoo na kwa sura, wakamtungia wimbo wa kumdhalilisha. Alijibu kwa wimbo.

Taarabu ilikuwa imelelewa katika majumba ya masultani, tangu enzi za Seyyid Barghash, na ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Safari hiyo imesimuliwa sana, nami siirudii. Linalonishughulisha ni yale aliyoyaimba.

Chukueni wimbo wa Kijiti. Unasimulia habari za mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, akauawa Unguja. Muuaji, Kijiti mwenyewe, akatorokea bara, na walioadhibiwa mahakamani wakawa mashahidi. Jambo zito kama hilo liliwekwa katika muziki ambao watu waliuendea kwa ajili ya kuburudika! Siti hakuwaambia wasikilizaji wake wasahau. Aliwakumbusha, tena kwa sauti nzuri, nao wakarudi kumsikiliza.

Maana ya jambo hilo niliiona kwa macho yangu, arusini. Shangazi yangu alikuwa ameachwa na mume baada ya miaka mingi ya ndoa, na kwa miezi kadhaa hakutoka nyumbani ila kwa dharura. Siku hiyo tulimbembeleza mpaka akaja. Mwimbaji alipofika kwenye ubeti wa kuhiniwa, shangazi aliinuka. Alijifunga vizuri kanga yake kiunoni, akaishika noti kwa vidole viwili, akaiinua juu, akaenda hatua kwa hatua kumtunza mwimbaji, bila haraka, kila jicho likimtazama. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwa karibu na njia yake aliporudi: machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anacheka. Mume hakuwa amerejea. Hakuna kilichobadilika nyumbani kwake. Ila maumivu yake yalikuwa yametajwa hadharani, na ukumbi mzima ukayapokea.

Siku hizi tunauziwa furaha ya kusahau, nayo hukatika muziki unapozimwa, kwa sababu huzuni tuliyoiacha mlangoni bado inatungoja. Furaha ya shangazi ilikuwa imeingia ukumbini na huzuni yake, ikatoka nayo. Ndiyo maana nasema ilikuwa na mahali pa kukaa kesho yake.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisifu dhiki. Mwenye njaa apewe chakula, na aliyedhulumiwa apewe haki yake. Wimbo wa Kijiti haukumfufua yule mgeni. Ninawapinga wale wanaomwambia maskini atabasamu ili wao wasisumbuke. Siti hakufanya hivyo hata mara moja. Aliishi na dharau ya wakubwa, na mkononi mwake hapakuwa na silaha ila sauti, shairi na wenzake wachache wenye udi na fidla. Kwa vitu hivyo alijenga maisha ambayo mwandishi Shaaban Robert aliyaona yanastahili wasifu kamili.

Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Miongo kadhaa baadaye, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipotafuta jina la jarida lake, jarida la kueleza madhila na madai ya wanawake wa nchi hii, kililiita Sauti ya Siti.