Mwalimu Asiyeliona Darasa Lake

Leo tutazungumza habari za mwalimu anayefundisha watoto asiowaona.

Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona. Tarehe 17 Machi Serikali ilitangaza kufunga shule, na shule za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Walimu waliozoea ubao na chaki wakajikuta mbele ya maikrofoni.

Hebu fikirini kazi hiyo. Mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe". Darasani hupita kati ya madawati, akitazama midomo na madaftari. Huyu ameandika vizuri, yule ameshika kalamu vibaya, na yule wa nyuma amenyamaza kwa sababu hajaelewa. Katika chumba cha redio haoni hata mmoja. Husema, "Haya, andikeni," kisha hana budi kunyamaza. Anyamaze kwa muda gani? Akinyamaza kidogo, mtoto mzito anaachwa nyuma. Akinyamaza sana, mwepesi anakwenda zake kucheza. Wala hakuna wa kumwambia, "Mwalimu, bado!" Kwa maoni yangu shida hiyo ni kubwa kuliko shida ya vyombo.

Shida ya vyombo nayo ipo, na sisi wa Ludewa tunaijua. Mawimbi ya FM huenda kama mwanga wa kurunzi: mlima ukiyakinga, nyuma yake ni kimya. Nasi tunayo Milima ya Livingstone, iliyosimama kama ukuta juu ya Ziwa Nyasa! Tena betri zikiisha, somo nalo limekwisha.

Hata hivyo, redio imewahi kufundisha vizuri sana nchini kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kitabu. Kipindi kilipokwisha, watu walizungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Lakini mwaka 2020 mikusanyiko isiyo ya lazima ilikatazwa, basi mtoto alibaki nyumbani na ile sauti. Aliyekuwa na mtu wa kumtazamia daftari alikuwa kama mwenye walimu wawili.

Wengi wenu ni wazazi. Pengine mtu atasema, "Mimi herufi zenyewe bado zinanishinda, nitamsaidiaje mtoto?" Lakini macho unayo. Ukimwona amekaa kimya, mwulize, "Mwalimu amesema nini?" Jambo hilo mwalimu wa redio hawezi kulifanya.

Sasa, kiongozi wa kikundi, zima redio. Kila mmoja aandike "ngoma" na "ng'ombe", kisha ampe jirani yake daftari alitazame. Tutakutana tena Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Kwaherini.