MTAALAMU WA MAJI NA MWENYE JEMBE WAKAE PAMOJA

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama na wananchi mjini Sumbawanga)



Tumekuja kusema nanyi habari ya maji. Huenda wengine mtauliza, chama cha siasa kina shauri gani na maji? Jibu letu ni fupi. Siasa ni kuamua nani apate nini na kwa masharti gani, na hapa Ufipa maji ni jambo la kila nyumba. Maamuzi ya maji huandikwa na wataalamu, na mwenye kuyatii ni mkulima. Hao wawili wasipokutana kabla karatasi haijatiwa muhuri, karatasi itakufa, na chemchemi itakufa pamoja nayo. Hilo ndilo neno letu la leo.

Kwanza tuitazame nchi yetu. Uwanda wa juu wa Ufipa uko katikati ya maziwa mawili, na mvua inayotunyeshea tangu Novemba mpaka Aprili hugawanyika. Ya mashariki huteremka Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Maji yake hukaa pale mpaka jua liyapunguze, na ndiyo sababu yana magadi. Ya magharibi huteremka Ziwa Tanganyika, kama ufanyavyo Mto Kalambo baada ya kuporomoka zaidi ya mita 200 pale mpakani na Zambia. Kisha hutoka kwa Mto Lukuga, yakaingia Mto Kongo, yakafika bahari ya Atlantiki.

Serikali nayo imefuata mgawanyo huo. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa ya maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa makao yake ni Mbeya, na ile ya Bonde la Ziwa Tanganyika makao yake ni Kigoma. Mpango huu una akili, maana mto haujui mpaka wa wilaya. Lakini angalieni, ndugu: uwanda wetu mmoja watazamwa na ofisi mbili, na makao ya zote mbili yako mbali na jembe la Mfipa.

Twasema hivyo bila kudharau elimu. Wazee mwakumbuka masimulizi ya nzige wekundu. Tangu karibu mwaka 1930 mpaka mwaka 1944 nzige wale walikula mashamba ya nchi nyingi za Afrika ya kati na ya kusini. Wataalamu walipofuatilia asili yao, wakakuta kwamba mbuga za bonde la Rukwa ni mojawapo ya mahali pachache wanapozaliana. Ziwa likijaa na kupungua, nyasi za kando yake hubadilika, na nzige hupata makao. Mwaka 1949 nchi kadhaa ziliunda shirika la kuwazuia, makao yake yakawa Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala. Basi bila mtaalamu tungeendelea kuwakuta nzige shambani tusijue watokako. Na tumejifunza kwamba maji ya hapa si shauri letu peke yetu.

Lakini kuna mtaalamu wa namna nyingine, na huyo nchi yetu ilimjua vizuri zamani za ukoloni. Huyo alikuja na amri. Kule Uluguru serikali ya Kiingereza iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko wa ardhi. Kuzuia mmomonyoko ni jambo jema, nani atabisha? Lakini watu hawakuulizwa, mahali pengine matuta yalifukua udongo usiofaa, na asiyechimba alishtakiwa. Mwaka 1955 Waluguru wakakataa, fujo ikazuka, na mpango ukaachwa. Wengi wakakimbilia TANU, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Udongo uliendelea kuteremka na maji, kwa sababu jambo jema lililoletwa kwa fimbo huchukiwa pamoja na fimbo yake.

Na wakati huo huo hapa Ufipa matuta yalikuwapo tangu kale, bila Bwana Shamba kuamuru. Bibi na babu zetu, mvua zikielekea mwisho, walipindua nyasi pamoja na udongo wakafanya vichuguu vya mviringo, vile viitwavyo intumba. Nyasi zikaoza ndani, juu wakapanda maharage. Mvua nyingine zilipokuja, wakavitawanya vile vichuguu na kupanda ulezi. Shamba likapata mbolea, na mvua ikanywewa na ardhi badala ya kukimbia na udongo. Huo ni utaalamu wa maji, ingawa haukuandikwa katika kitabu cha sera. Mtaalamu mwenye busara akifika hapa, jambo la kwanza atauliza: ninyi mmeishije na mvua hii miaka yote?

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaza vita juu ya ujinga, umaskini na maradhi, na maji safi ni silaha katika vita vyote vitatu. Mwaka 1971 Serikali ikaanza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi bila kwenda zaidi ya mita 400. Nchi rafiki zikasaidia, kila moja na mikoa yake. Norway ikachukua Rukwa na Kigoma. Wataalamu wakapima mito na chemchemi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango mkuu wa maji wa mkoa wetu ukaandikwa.

Mwaka 1991 ulipofika, lengo la nchi halikutimia. Sababu moja ilikuwa fedha. Lakini ilikuwapo sababu nyingine, nayo yatuhusu sisi. Maji yalitolewa bure, na kitu cha bure hakikuwa na mwenyewe. Mashine ikivunjika, kijiji kilikaa kikimngoja fundi wa Serikali. Mafuta yakiisha, kilikaa kikingoja mafuta. Watu walisema "bomba la Serikali", na wengine "bomba la Wazungu". Sera ya Maji ya mwaka 1991, na ile ya mwaka 2002 iliyofuata, zikageuza shauri: wananchi wachangie, wamiliki, na wasimamie. Hilo ni somo ambalo wataalamu wenyewe walijifunza kwa gharama kubwa, nasi tusilisahau.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma leo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yasema shughuli za watu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji zisifanywe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Twaiunga mkono sheria hii. Utazameni Mlima Mbizi hapo juu yetu. Msitu wake ndio unaoihifadhi mvua na kuitoa kidogo kidogo mpaka kiangazi, na mji huu wa Sumbawanga wanywa kwa fadhili zake. Mbega wekundu waliomo, ambao misitu yenye kabila hilo ni michache sana, wataondoka msitu ukiondoka. Na sisi twende wapi?

Lakini hesabuni pamoja nasi. Ekari moja kwetu ni hatua 70 kwa hatua 70. Mjane mwenye ekari moja iliyogusa kijito, ukimpimia mita 60 kutoka ukingoni, umemwachia kipande cha kupanda mchicha. Pale ndipo alipopata maharage na mboga za kiangazi, na ada ya shule ya mtoto. Akiambiwa tu "ondoka", ataondoka mchana na kurudi usiku. Afisa akija atajificha. Afisa akienda atalima mpaka kwenye matope. Sheria itakuwa imeshinda katika faili na kushindwa mtoni.

Twasema mtaalamu akae na mjane huyo. Wapime pamoja, wapande mipaka pamoja, mbele ya mkutano wa kijiji. Watafute kinachoweza kukaa ukingoni bila kuchimbua ardhi, kama mizinga ya nyuki, au miti ya asili inayotunza maji. Na kijiji kinachokunywa kwa sababu mmoja ameacha shamba lake kimtafutie shamba jingine. Kumwachia mtu mmoja mzigo wa maji ya watu wote si haki, na sheria isiyo na haki haina mlinzi.

Ndugu, na sisi tujikosoe. Nani huchoma moto mbugani kila kiangazi? Nani hukata Mbizi kwa ajili ya mkaa na kuni za kuchomea tofali? Si mkoloni, yeye alikwisha ondoka. Nani alipanda mikaratusi juu ya chemchemi kwa sababu hukua upesi na kuuzika, ilhali twaona wenyewe ardhi ya chini yake ilivyo kavu? Ni kweli zamani tulihimizwa kuipanda kila mahali, na leo twaambiwa tuiondoe penye vyanzo vya maji. Mtaalamu akibadili shauri lake kwa kuwa ameona zaidi, tusimcheke. Tumwige.

Basi twaleta maombi matatu. La kwanza kwa wataalamu: taarifa yoyote ihusuyo mto wetu isomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji kabla haijapelekwa Mbeya, Kigoma au Dodoma, na maneno ya wananchi yaandikwe humo, hata yale ya kupinga. La pili kwa vyombo vya maji vya jamii, vilivyopewa nguvu na sheria ya mwaka 2019: hesabu ya fedha za maji isomwe hadharani. Mwananchi anayelipa ndoo yake ana haki ya kujua senti yake imenunua kifaa gani. La tatu kwa wazazi: wapelekeni watoto, wa kike na wa kiume, wakasome elimu ya maji na misitu, ili siku moja mtaalamu ashukaye garini awe amewahi kubeba ndoo katika njia hiyo hiyo.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji aliyefunga mlango, wala mwenyeji hapati dawa kwa mgeni asiyeuliza wapi panauma. Tufungue mlango, nao waulize. Kiangazi kijacho twende pamoja mpaka kwenye kila chemchemi, na kamba ya kupimia, na jembe, na miche.

Uhuru na Kazi!