Tulikopeshana Mikono



Kwa miaka hii 10 hapa Songea tumekopeshana fedha. Safari moja tulikopeshana mikono. Mwenzetu alificha vivimbe vya titi, akihofia kansa. Alipopasuliwa, vilipimwa, ikaonekana si kansa. Nyumbani wakadhani basi, amepona. Siku ya nne akashika jembe; kidonda kikafumuka. Ndipo tukapanga zamu: huyu achote maji, huyu atwange, huyu apalilie mahindi. Yeye kazi yake kupumzika, kuvaa sidiria inayoshika vizuri, na kurudi kuangaliwa kidonda.

Jamani, vivimbe vingi vya titi si kansa, lakini wa kusema hivyo ni daktari, siyo jirani. Ukigusa uvimbe, wahi hospitali. Jembe lako tutalishika.